Mzee Aliyekataa Taa Kwenye Chumba Chake cha Mvinyo

Fundi umeme alishuka ngazi, akachungulia, akapanda mbio. Akakusanya nyaya zake na kuondoka bila kumuaga mwenye nyumba.

Zabibu akamkimbilia mpaka barabarani.

"Kaka, vipi tena?"

"Dada, mimi kazi hiyo siiwezi." Alikuwa tayari anawasha pikipiki. "Mtu mzima na akili zake anachimba chumba chini ya nyumba, halafu anakataa balbu. Hataki swichi, hataki hata tundu la waya. Humo gizani anataka kufanya nini? Mimi nina watoto wananitegemea."

Akaondoka zake.

Kuanzia siku ile, kijiji kizima cha Izigo kilikuwa na habari moja tu. Handaki la Ta Kahangwa, yaani Mzee Kahangwa kwa Kihaya.

Kuna waliosema anafuga joka la utajiri. Kuna waliosema anajichimbia kaburi mapema. Kuna mmoja aliapa kabisa kwamba alisikia ng'ombe akilia chini ya sakafu. Si unajua watu wakikosa la kusema.

Zabibu hakuamini hata moja. Lakini na yeye lile suala la taa lilikuwa limemkaa rohoni, maana yeye ndiye aliyechora ramani ya chumba kile.

Ngoja nikupeleke mwanzo, kama Zabibu mwenyewe alivyonisimulia.

Zabibu ni binti wa Bukoba mjini, mzaliwa wa Kashai. Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba. Ana kiofisi kidogo karibu na soko, meza moja, kompyuta moja, na feni inayozunguka ikitaka.

Siku moja simu ikaita.

"Wewe ndiye Zabibu unayechora ramani?"

"Ndiye mimi. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jina lako limenifurahisha, mwanangu. Nimefanya kazi na zabibu maisha yangu yote."

Ndiye huyo Ta Kahangwa. Alikuwa mtengeneza mvinyo kiwandani Dodoma mpaka alipostaafu. Sasa amerudi kwao Izigo na mkewe, Ma Verdiana. Watoto wao wako Mwanza na Dar na maisha yao. Alitaka chumba cha kuhifadhia chupa zake, chini ya nyumba, kiwe na ubaridi mwaka mzima.

Zabibu hakuwahi kuchora kitu kama hicho. Jioni akamweleza baba yake.

Mzee Zahoro ni mtu wa msikitini, hana maneno mengi. Alimaliza chai yake kwanza.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikupa jina la tunda. Sikukupa la pombe."

"Baba, nachora kuta na ngazi tu. Atakachoweka humo ni chake na Mungu wake."

Mzee akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Haya. Ila uwaheshimu watu wa huko. Na wasikulazimishe kuonja."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Nyumba ya Ta Kahangwa iko kwenye mteremko, imezungukwa na kibanja cha migomba na mikahawa kila upande. Ma Verdiana alimpokea Zabibu kwa mikono miwili, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo.

"Karibu, mwisiki, binti yangu. Kaa. Umechoka, bojo, pole."

Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, amenyooka, shati limepigwa pasi. Sauti yake nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Mvinyo hautaki joto," alianza. "Hautaki mwanga. Hautaki kutikiswa. Na hautaki majirani wenye harufu. Ukiulaza karibu na mafuta ya taa, siku ya siku utakunywa mafuta ya taa."

Akaeleza kila kitu. Chupa zilazwe ubavu ili kizibo kisikauke. Mbao zisipakwe vanishi. Sakafu iwe ya kokoto, ili ukiimwagia maji hewa isikauke.

Zabibu aliipenda kazi ile ghafla. Alizunguka nyumba, akapima, akashika udongo. Akashauri wasichimbe katikati ya nyumba, wachimbe upande wa nyuma, chumba kiingie ndani ya mlima. Ukuta uwe wa mawe, mara mbili, na nafasi katikati. Mabomba mawili ya hewa, moja liishie karibu na sakafu kuleta ubaridi, lingine litoke juu darini kutoa joto. Na mfereji wa kuzunguka chumba chote, maana mvua za kule zikianza hazina simile.

"Safi," alisema mzee. "Sasa sikiliza na ya kwangu."

Ya kwake ndiyo yaliyokuwa ya ajabu.

Ngazi zote ziwe na kimo kimoja, zisitofautiane hata unene wa kidole. Kuwe na reli ya kushika ukutani, ianzie kabla ya ngazi ya kwanza. Mashelfu yasipite bega wala yasishuke chini ya goti. Na kila shelfu lichongwe alama pembeni. Mvinyo mwekundu wa Dodoma mkato mmoja, mweupe mikato miwili, na ule wa ndizi anaoutengeneza mkewe kichongwe kiduara.

"Na taa tuweke wapi, Ta?" Zabibu akauliza.

"Hakuna taa."

"Hata ndogo ya kuwasha na kuzima?"

"Nimekwambia mvinyo hautaki mwanga."

Jibu lilikuwa kali kidogo. Ma Verdiana, aliyekuwa amekaa pembeni akimenya ndizi, aliinamisha kichwa na kuendelea kumenya.

Ujenzi ukaanza. Fundi mkuu alikuwa Mhoja, Msukuma mmoja mtaratibu aliyejenga mitaro na majosho miaka mingi. Mawe yakaletwa, udongo ukatolewa, na Zabibu akaleta fundi umeme akidhani mzee atalegeza msimamo. Baada ya yule fundi umeme kukimbia, Zabibu akaanza kwenda Izigo mara kwa mara kusimamia mwenyewe.

Ndipo siku moja likatokea.

Ilikuwa asubuhi, jua limewaka vizuri. Zabibu alikuwa amebadilisha kidogo mchoro wa ngazi, akaja nao ili mzee aukubali. Akamkuta barazani.

"Ta, nimeleta ramani mpya. Tazama ngazi nilivyozipanga."

Mzee akaishika karatasi. Akaisogeza mbali kidogo, akairudisha karibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri sana. Ngazi zimekaa mahali pake. Hapa umefanya kazi."

Zabibu akatabasamu, akaangalia ile karatasi.

Tabasamu likafia mdomoni.

Alikuwa amempa karatasi ya mteja mwingine. Ilikuwa ramani ya banda la kuku.

Banda la kuku halina ngazi hata moja.

Mzee bado ameishika karatasi, bado anatikisa kichwa.

"Ta," Zabibu akasema polepole. "Hiyo siyo yenyewe. Nimekosea. Hilo ni banda la kuku."

Mikono ya mzee ikashuka mapajani. Akageuza uso kuelekea jikoni, akasikiliza. Ma Verdiana alikuwa kisimani.

"Yuko mbali?"

"Yuko mbali, Ta."

"Basi nikwambie, maana umeshanishika." Sauti ilikuwa imepungua uzito. "Ni presha ya macho. Daktari aliniambia Dodoma kabla sijastaafu, na akaniambia hairudi nyuma. Kwanza nilikuwa naona kama ninachungulia kwenye bomba. Sasa hata bomba lenyewe linaziba. Naona vivuli. Kesho sijui."

"Na Ma Verdiana?"

"Hajui. Na hatajua." Akainamia upande wa Zabibu. "Mke wangu ana presha. Alizika dada zake wawili mfululizo. Nimwongezee kipofu? Mimi ndani ya nyumba nimeshahesabu kila kitu, napajua. Lakini kila siku naigiza, mwanangu. Kila siku. Nataka sehemu moja tu ambayo sitaigiza. Huko chini, bila taa, mimi na mwenye macho tutakuwa sawa. Tena nitamzidi."

Zabibu alilia. Hakutoa sauti, lakini mzee alijua.

"Usilie. Niapie hutasema."

Akaapa.

Sasa sikiliza maajabu ya dunia.

Siku ileile, wakati wa kuondoka, Ma Verdiana alimsindikiza Zabibu kupitia kibanjani mpaka barabarani. Njiani mama akainama, akaokota jembe lililoachwa katikati ya njia, akaliegemeza kwenye mgomba.

Mbele kidogo akaokota ndoo. Mbele tena akavuta jani la mgomba lililokatika.

"Ma, unapenda usafi," Zabibu akasema.

"Siyo usafi, mwisiki." Mama hakusimama. "Hivi vingemwangusha."

Zabibu akasimama njiani.

"Unadhani sijui?" mama akaendelea. "Mtu nimelala naye maisha yangu yote, nisijue kama ananiona au hanioni? Kila Jumamosi ananiambia, Verdiana nisomee somo la kesho, nalipenda kwa sauti yako. Mimi nasoma, narudia, yeye anashika kichwani. Jumapili anasimama kanisani anasoma mbele ya watu, hakosei neno. Siku moja nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Kitabu hakukifunua, waitu. Kilikuwa kimefungwa."

"Sasa kwa nini usimwambie unajua?"

Mama akafikiri.

"Akijua najua, atakaa kitini. Atakuwa mgonjwa. Sasa hivi anapojificha, anaamka, ananyoa ndevu, anatembea, anajenga. Mwache ajenge. Siku atakayotaka kuniambia, ataniambia mwenyewe. Na wewe usiseme. Tafadhali, bojo."

Zabibu akaapa mara ya pili kwa siku moja.

Nyumba moja, siri moja, kila mmoja anamficha mwenzake. Na mtu wa tatu katikati, ameshika ahadi mbili.

Alirudi Bukoba amechoka kuliko mtu aliyebeba mawe.

Chumba kikaisha. Na kilikuwa kizuri, jamani. Nje jua linachoma, ukishuka ngazi tano tu unahisi mashavu yamepoa. Mhoja alijenga ukuta ule wa mawe mpaka ukitia kiganja unahisi umetia kwenye maji ya mto.

Siku ya kukifungua, Ta Kahangwa aliita majirani, wale wale wa habari za joka. Alisimama mlangoni amevaa koti.

"Anayetaka kuona joka, anifuate. Shikaneni mashati."

Wakashuka kwa mstari. Gizani huko ilikuwa vituko. Huyu kamkanyaga yule, huyu kajigonga, mwingine anaita jina la Bikira Maria. Mzee peke yake anatembea kama yuko sebuleni. Anapapasa alama, anavuta chupa, anamkabidhi mtu mkononi.

"Huu ni mwekundu. Huu ni wa ndizi, wa mke wangu. Usiudondoshe."

Walipopanda juu, kila mtu alikuwa anacheka. Mzee alikuwa anacheka kuliko wote. Zabibu alikuwa na soda yake mkononi, akamtazama Ma Verdiana. Mama alikuwa anapiga makofi, na machozi yanamtiririka, na hayafuti.

Kama hadithi ingeishia hapo ningefurahi.

Masika yakaja. Asubuhi moja Ma Verdiana alichukua kikapu akaenda kuchuma maharage kibanjani. Mchana ukafika, hajarudi.

Mzee akaita kutoka barazani. Kimya.

Akashuka kibanjani mwenyewe, kwa njia yake aliyoizoea kwa miguu. Anaita, "Verdiana! We Verdiana!" Akafika mpaka mwisho wa shamba, akageuka, akarudi.

Jirani yao, Agnes, alisikia zile sauti akaja.

"Ta, kuna nini?"

"Mama yenu simwoni."

"Umemtafuta shambani?"

Hapo, ndugu zangu. Hapo ndipo mtu alipotakiwa kusema, mwanangu, mimi sioni, hebu kaniangalizie.

Akasema, "Nimeangalia shamba zima. Hayupo."

Nani angebisha? Mwenye shamba kasema ameangalia. Agnes akaita watu, wakaenda barabarani, wakaenda kanisani, wakaenda dukani, wakauliza mpaka kwa waendesha bodaboda. Shambani hakwenda hata mtu mmoja, maana mzee alishaangalia.

Jua linateremka, Agnes akapita kibanjani kukata majani ya mbuzi. Akaona kanga.

Ma Verdiana alikuwa amelala chini ya mkahawa, hatua moja tu kutoka kwenye njia. Kiharusi. Mdomo umevutwa upande, hawezi kusema, lakini macho yamefunguka na anapumua.

Walimkimbiza hospitali. Alifariki kabla usiku haujaisha. Daktari alisema angefika mchana huenda angepona. Sijui kwa nini madaktari husema maneno hayo.

Walimzika kibanjani.

Zabibu alikuja kuzika, na baba yake, Mzee Zahoro, akaja naye, akakaa na wanaume mkekani mpaka mwisho. Baada ya mazishi Zabibu alimtafuta Ta Kahangwa hakumwona. Akajua yuko wapi. Akashika reli, akashuka gizani.

"Ni wewe, Zabibu?" sauti ikatoka pembeni. "Nimekujua kwa hatua."

"Ni mimi, Ta. Pole."

Zabibu akapapasa, akakaa kwenye ngazi. Kisha mzee akaanza kusema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Agnes ameniambia alipomkuta. Chini ya mkahawa mkubwa, pembeni ya njia. Mimi pale nilisimama, Zabibu. Niliushika ule mkahawa. Nilishika tawi lake nikapumzika, nikaita jina lake. Alikuwa hapo chini ya miguu yangu."

"Ta..."

"Macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa anasikia. Alinisikia nikimwita. Akaniona nimesimama juu yake. Halafu akaniona nikigeuka, nikaondoka. Mke wangu amekufa akiamini mumewe alimwona akampita. Nitaenda kumwambia nini huko aliko? Sikumwambia sioni. Sikumwambia!"

Zabibu alikuwa na kiapo alichompa marehemu. Alikifikiria kidogo tu.

"Ta Kahangwa, alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua huoni. Tangu kabla mimi sijafika hapa. Aliniambia mwenyewe, njiani, siku ileile ya banda la kuku. Njia ile ya kibanjani, unadhani ilikuwa safi yenyewe? Yeye alikuwa anaokota majembe na ndoo ili usianguke. Na masomo ya Jumamosi, alikuwa anarudia makusudi ili uyashike."

"Alikuapisha?"

"Aliniapisha. Kama wewe."

Zabibu alisikia kiganja cha mzee kikipapasa ukuta wa mawe, kinapanda, kinashuka.

"Kwa hiyo pale alipolala," akasema mwishowe, neno moja moja, "alijua kwamba sikumwona."

"Alijua, Ta. Alijua kabisa. Hakukufikiria vibaya hata kidogo."

Ndipo alipolia. Zabibu ananiambia hajawahi kusikia mtu mzima akilia vile, wala hataki kusikia tena. Hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka akaishiwa.

"Kumbe tulikuwa wapweke wawili ndani ya nyumba moja," mzee akasema. "Mimi namlinda yeye, yeye ananilinda mimi. Nani alikuwa anaishi?"

Siku ya kuanua matanga, ukoo wote umekaa, Ta Kahangwa aliomba kusimama. Zabibu alikuwa kule upande wa wanawake.

"Mimi Kahangwa ni kipofu," akasema. "Nimekuwa kipofu muda mrefu na nimewadanganya wote. Siku ile nilimwambia Agnes nimeangalia shambani. Mtu asimlaumu Agnes. Mimi siwezi kuangalia. Nilitembea tu."

Watu wakainamisha vichwa. Agnes, ambaye tangu msiba hakuwa anakula vizuri kwa kujilaumu, akaangua kilio.

Hakuna aliyemcheka mzee. Hakuna aliyemdharau. Heshima yote ile aliyokuwa anaogopa kuipoteza, wala haikwenda popote. Kaka yake alisimama, akamshika mkono, akamrudisha kwenye kiti. Jambo dogo namna hiyo.

Siku hizi mjukuu wake wa kike ametoka Mwanza kuja kukaa naye, na mzee anatembea na fimbo. Zabibu humpigia simu mara moja moja. Zabibu mwenyewe bado anajiuliza kama angevunja vile viapo viwili mapema, mambo yangekuwaje.

Wewe unayesoma hapa, labda kuna jambo unamficha mwenzako kwa sababu unampenda. Ugonjwa, kazi uliyofukuzwa, uvimbe uliougusa bafuni ukanyamaza. Unasema asiumie. Unajiona unabeba mzigo peke yako kama shujaa. Na inawezekana kabisa na yeye yuko chumba cha pili anabeba mzigo uleule, anajifanya hajui.

Mwambie. Akiumia, mtaumia pamoja, na mkiumia pamoja kuna kushikana mikono.

Na haya ya mwisho si maneno yangu. Juzi Ta Kahangwa alimwambia Zabibu kwenye simu, na Zabibu akaniruhusu niyaandike:

"Ningesema tu, mke wangu, sioni, nishike mkono. Basi. Angenishika, Zabibu. Wewe unamjua. Si angenishika?"